Usiku wa Kuamkia Alhamisi, Tabora hadi Maskati

Ukiiuliza simu yako leo ni mbali kiasi gani kutoka Tabora hadi Maskati, itakujibu kabla hujatoa kidole. Kilomita elfu nne na ushee kwa mstari ulionyooka. Ndege kutoka Dar es Salaam, saa tano na dakika chache angani. Majibu yote mawili ni sahihi. Nimekata tiketi za ndege hapa Tabora miaka ishirini na tisa, na ninawaambia ninyi mnaoanza kazi hii sasa kwamba mtu anaweza kupewa majibu mawili sahihi na bado akaachwa na ndege. Ninajua kwa sababu mimi ndiye niliyempa.

Naitwa Mwamvua. Ofisi yetu ilikuwa Gongoni, chumba kimoja chenye benchi, feni na meza mbili, kati ya duka la vitenge na fundi redio. Siku hizi pale wanakaanga kuku. Nilipita mwezi uliopita nikanunua paja. Lilikuwa zuri.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Maganga, meneja wetu, mwenyeji wa Itetemia. Alikuwa amekata tiketi za treni nusu ya maisha yake kabla ya kuhamia kwenye ndege, na alihama bila kubadilisha chochote. Kiti cha ndege alikiita behewa. Ndege ikichelewa aliwaambia abiria kwamba iko kati ya stesheni. Abiria walimwelewa vizuri zaidi kuliko walivyonielewa mimi, niliyekuwa nasema kwa lugha ya ndege.

Siku yangu ya kwanza alinikuta napima kwa rula kwenye ramani ya ukutani, kutoka Dar es Salaam hadi Toronto, kwa sababu mteja alikuwa ameuliza. Aliniacha nikamaliza. Kisha akatoa kabatini tufe la dunia lililopasuka upande wa bahari na kipande cha uzi wa kushonea magunia.

"Ramani ya ukutani ni chapati," akasema. "Dunia ni chungwa. Ndege inaruka juu ya chungwa."

Akabana uzi kwenye Dar es Salaam, akauvuta hadi Toronto, akauacha ujilalie wenyewe. Haukupita mahali rula yangu ilipopita. Ulipanda juu, kaskazini kabisa, na ulikuwa mfupi. Akaniambia niupime huo uzi. Nikipata kilomita nigawanye kwa mwendo wa ndege, niongeze nusu saa ya kupanda na kushuka, na kama ndege inakwenda kinyume na upepo niongeze tena kidogo. Nilipiga hesabu ile nikapata jibu, nikafurahi.

"Sasa usimwambie mteja," akasema.

"Nisimwambie?"

"Hajauliza ndege inakaa angani muda gani. Anadhani ndicho alichouliza. Ameuliza atamwona mtu wake lini."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Kuandika, vijana wangu, si sawa na kusikia.

Mwaka huohuo wa kwanza akaja mfugaji wa Igunga, mtu mrefu mwenye shuka na fimbo, anakwenda Dar es Salaam kumpeleka mkewe kwa daktari wa macho. Ndege ilikuwa inaondoka saa mbili asubuhi. Kwenye kompyuta ilikuwa imeandikwa sifuri nane, na mimi nikanakili juu ya bahasha: saa 8:00. Alifika uwanjani saa nane mchana, amevaa viatu vipya, mke wake amemshika mkono. Mlinzi akamwambia uwanja umefungwa hadi kesho. Akarudi ofisini kwa baiskeli ya kukodi, akasimama mbele ya meza yangu bila hasira.

"Dada," akasema, "ndege yenu haijui saa."

Mzee Maganga aliwatafutia nafasi ya kesho yake. Mimi akaniambia kuanzia leo saa zote ziandikwe kwa maneno ya Kiswahili, na asubuhi iitwe asubuhi. Nikafanya hivyo. Sikumkosesha tena mtu ndege kwa miaka kumi, nikaanza kuamini kwamba nimemaliza kujifunza saa.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Masudi.

Mzee Masudi alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa njia ya kwenda sokoni, na sidhani kama kulikuwa na baiskeli Gongoni ambayo haijapinduliwa miguu juu mbele yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, kanzu yake daima ina alama ya grisi mahali palepale, chini ya mfuko wa kulia. Alikuwa na dada mmoja tu, Zuhura, mdogo wake. Zuhura aliolewa akiwa na miaka kumi na saba na mtu wa Omani aliyekuwa na jamaa hapa mjini, akapelekwa Maskati. Hawakuonana tena kwa miaka arobaini na moja. Waliandikiana barua, baadaye wakapigiana simu, na katika simu ya mwisho aliyeongea alikuwa mtoto wa Zuhura. Alisema mama amelala, maji yanajaa mapafuni, madaktari wamesema wanaotaka kumwona waje. Wapwa wakatuma nauli kwa jamaa yao wa mjini, jamaa akamletea mzee mkononi, mzee akaja kwangu. Ilikuwa Jumatatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua umbali."

"Kidogo, mzee."

"Maskati ni mbali kiasi gani?"

Nikamtolea tufe na uzi. Nilikuwa nimevirithi vyote viwili kwa Mzee Maganga, naye alikuwa meza ya pili anajifanya hasikii. Nikavuta uzi kutoka Tabora, ukapita juu ya Kenya, pembe ya Somalia, kipande cha bahari, ukafika. Mzee Masudi akautazama.

"Mbona fupi?"

"Hii ni dunia ndogo, mzee."

"Naona," akasema.

Akaniambia kwamba babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo, miezi mitatu kwenda kama njia haina vita, na wengine walizikwa palepale walipoangukia. "Lakini babu alikuwa hapotezi siku," akasema. "Kila siku aliitembea mwenyewe. Jana umelala pale, leo unalala hapa. Hakuna wa kukuuliza leo ni lini."

Nikatabasamu, maana niliona ni maneno ya mzee. Nikamkatia. Jumatano asubuhi ndege ndogo ya Tabora kwenda Dar es Salaam. Kisha ndege kubwa ya Maskati, Alhamisi, sifuri moja na nusu. Nikageuza kwa Kiswahili kama nilivyofundishwa: saa saba na nusu usiku.

"Ndege kubwa ni Alhamisi, mzee, saa saba na nusu usiku."

"Usiku wa Alhamisi," akasema. "Basi Jumatano nikishaswali isha niwe uwanjani."

Wengi wenu hamkukua na wazee wa mjini, kwa hiyo nieleze. Kwa wazee wetu, usiku unatangulia mchana wake. Jua likizama Jumatano, Alhamisi imeshaingia. Usiku wa Alhamisi kwao ni ule wa kuamkia Alhamisi. Na ndege nayo ina desturi hiyohiyo bila kujua: ikishapita saa sita usiku, tarehe imebadilika. Mzee Masudi, ambaye hajawahi kupanda ndege, alikuwa ameielewa tiketi ile sawasawa kabisa.

Mimi nikamrekebisha.

"Hapana, mzee," nikasema. "Jumatano bado. Ni Alhamisi. Jumatano wewe lala, upumzike, Alhamisi usiku ndiyo uende."

"Alhamisi usiku?"

"Alhamisi usiku."

Alinitazama kidogo. Kisha akakunja tiketi akaitia mfukoni, akanishukuru, akaondoka. Nilikuwa na wateja wengine watano kwenye benchi na sikufikiri tena.

Sasa mtaniuliza kosa kama hilo mtu wa miaka kumi kazini analifanyaje. Ndiye hasa anayelifanya. Mgeni wa kazi asingelifanya. Mgeni asingejua, angemwuliza Mzee Maganga, mita mbili kutoka pale alipoketi.

Jumatano Mzee Masudi akaruka hadi Dar es Salaam. Akafikia kwa binamu yake Ilala. Simu yake ya vitufe aliizima, ili chaji isiishe kabla ya Omani. Akalala kama nilivyomwagiza. Ndege yake ikaondoka bila yeye, na kwa jinsi nyumba ile ilivyo karibu na njia ya ndege, huenda ilipita juu ya paa. Alhamisi baada ya isha akaenda uwanjani na begi lake, akaambiwa ndege hiyo ilishaondoka usiku wa kuamkia leo.

Simu yangu iliita Ijumaa asubuhi, ninakunywa chai.

"Binti, ni mimi Masudi. Sikutaka kukuamsha usiku."

"Mzee, umefika?"

"Sijafika. Ndege imekwenda. Wanasema ilikwenda siku ile niliyolala."

Nilisimama. Sikumbuki kama niliweka kikombe chini au nilikishika. Nilimwuliza yuko wapi, akasema bado uwanjani, kwenye viti vya nje, ameshaongea na wapwa zake, wamesema shirika lile lina ndege nyingine Jumatatu. Sauti yake haikuwa na lawama. Ilikuwa sauti ya mtu anayemweleza fundi mwenzake kwamba mnyororo umekatika.

"Na Bi Zuhura?"

"Yupo," akasema. "Wanasema yupo."

Nilikwenda ofisini karibu nikikimbia. Mzee Maganga alikuwa anafuta vumbi kwenye feni. Nikamwambia kila kitu nimesimama, tangu usiku wa Alhamisi hadi viti vya nje. Alimaliza kufuta panga la feni alilokuwa ameshika, akashuka kwenye kiti, akanawa mikono. Nilitamani anigombeze, ingekuwa nafuu.

"Alisema sawa yeye," akasema.

"Alisema sawa."

"Nawe ukamrekebisha."

"Ndiyo, mzee."

Akakaa. Nikafungua kompyuta nikaanza kutafuta ndege za moja kwa moja kwenda Maskati. Akanizuia.

"Usitafute fupi. Tafuta inayoondoka leo."

Ndilo hilo, vijana wangu, ambalo simu haitawaambia mpaka muiulize kwa namna yake. Iliyoondoka siku ile ilikuwa ya Dubai, jioni saa kumi na dakika arobaini na tano. Dubai iko juu ya Maskati, kaskazini zaidi. Unampita dada yako kwa mbali, unashuka, unangoja ukumbini hadi karibu na mapambazuko, kisha unapanda ndege nyingine ya saa moja kurudi chini. Kwa kilomita ni ujinga. Lakini angefika Jumamosi asubuhi badala ya Jumatatu. Nikapiga simu kwa mwenzangu wa Dar es Salaam tuliyezoea kusaidiana, akashika kiti. Gharama ilibebwa na ofisi, na sehemu yake na mimi, na hayo tuyaache.

"Atabadilishaje ndege Dubai peke yake?" nikasema. "Hajawahi hata kuona ngazi ya umeme."

"Nenda ukamweleze," akasema Mzee Maganga.

"Kwa simu?"

"Kwa mdomo umeshamweleza mara moja. Nenda mwenyewe. Ndege ya Dar inaondoka saa nne. Una saa moja na robo."

Hapo sina budi kukiri jambo ambalo wateja wangu hawakulijua. Katika miaka kumi ya kuuza safari za ndege, sikuwa nimepanda ndege. Niliwaeleza watu habari ya mikanda, masikio kuziba na peremende za kutafuna, yote nikiyatoa kwenye kipeperushi. Siku ile bajaji ilinipeleka uwanjani na pochi na kitambulisho tu. Nilikaa dirishani. Masikio yaliziba, nikatafuta peremende, sikuwa nayo. Niliiona reli ikienda mashariki chini yetu, nyembamba, karibu na ile njia ya wapagazi, miezi mitatu ya babu yake Mzee Masudi, na kabla sijaizoea tukawa tunashuka. Saa moja na nusu. Nilikuwa nimewaambia watu saa moja na nusu mara elfu, na kumbe ilikuwa kweli.

Lakini kumbukeni pia haya. Bajaji hadi uwanjani, robo saa. Kungoja, nusu saa. Dar es Salaam kungoja mlango ufunguliwe, kutoka nje, kuuliza jengo la ndege za nje liko wapi, kupotea, kuuliza tena. Nilipomwona Mzee Masudi ilikuwa saa saba mchana, na watu walikuwa wanarudi kutoka swala ya Ijumaa. Saa moja na nusu yangu ilikuwa imekula karibu saa nne.

Alikuwa amechuchumaa nje ya jengo, kitoroli cha mizigo amekipindua. Wapakizi wawili wamemzunguka. Amepata bisibisi mahali fulani na anakaza gurudumu. Vitoroli vitatu vilivyokwisha tengenezwa vilikuwa vimepangwa ukutani.

"Shikamoo mzee."

Akainua kichwa. "Marahaba. Umekuja kwa ndege?"

"Ndiyo."

"Imechukua muda gani?"

"Saa moja na nusu."

"Kama ulivyosema," akasema, akarudi kwenye gurudumu. Wapakizi walinitazama kama mtu aliyekuja kuwanyang'anya fundi.

Nikachuchumaa pale kwenye zege. "Mzee, mimi ndiye niliyekosea. Wewe ulisema sawasawa. Usiku wa Alhamisi ulikuwa ule wa kuamkia Alhamisi."

Akasimamisha bisibisi. "Nilisema sawa?"

"Ulisema sawa."

"Nilijua," akasema. "Nikadhani labda kwenye ndege usiku unakuja baada ya mchana."

 Akakaza gurudumu, akalizungusha kwa kidole, akasikiliza, akarudisha bisibisi kwa mwenyewe.

Tulikuwa na saa mbili kabla kaunta haijafungwa. Nilikaa naye kwenye kiti nikamwandikia karatasi, kwa herufi kubwa, Kiswahili kitupu. Ukishuka, usiwafuate wanaokwenda kuchukua mabegi, begi lako litakwenda lenyewe. Mwonyeshe mtu mwenye sare karatasi hii upande wa nyuma. Upande wa nyuma nilikuwa nimeandika kwa Kiingereza na kwa Kiarabu nilichojifunza madrasa, kwamba huyu anakwenda Maskati, naomba aonyeshwe lango lake. Ukifika langoni, kaa mahali unapoiona saa ya ukutani. Usilale. Kule wako mbele yetu kwa saa moja.

"Nisogeze saa yangu?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Saa moja mbele."

Akafikiri. "Hapana. Hii ni ya Tabora. Nitaongeza kichwani."

Kisha nikamwambia asome. Akaisoma yote kwa sauti ya chini, kidole chini ya kila mstari. Palipoandikwa Jumamosi asubuhi akasimama, akaniuliza, "Jumamosi hii ya kesho?" Nikasema ya kesho. "Nikilala leo nikiamka ndiyo hiyo?" Nikasema ndiyo hiyo, ila usilale. Akaridhika.

Begi lake lilikuwa na dumu la asali ya mbuga, mkanda wa plastiki umezungushwa mara kumi, na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, kwa sababu Zuhura alikuwa ameyaomba. Mkaguzi alisimamisha begi akauliza ni nini.

"Viazi," akasema Mzee Masudi.

"Mbona vimekauka hivi?"

"Vinakwenda mbali."

Likapita. Kwenye kizuizi nisichoruhusiwa kuvuka alinipa mkono, akaingia. Nilimwona akisimama mbele ya ngazi ya umeme. Aliitazama kwa muda jinsi minyororo yake inavyozunguka, akachungulia ubavuni, kisha akakanyaga akapanda. Mimi nikarudi Tabora kwa basi kesho yake. Mzee Maganga hakuniagiza nirudi kwa basi. Niliona tu kwamba inanistahili.

Jumamosi mchana mpwa wake alituma ujumbe wa neno moja, "Amefika." Baada ya hapo kimya. Kibanda chake kilifungwa kwa mnyororo wa baiskeli, nami nilikipita kila siku asubuhi na jioni, ingawa kulikuwa na njia fupi zaidi ya kwenda kwangu. Zilipita wiki tatu na siku kadhaa.

Alikuja siku ya Jumanne, kama saa nne, ofisi ina watu watatu kwenye benchi. Kanzu mpya. Nikaamka kitini.

"Shikamoo mzee. Pole na safari."

"Marahaba. Nimeshapoa."

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta." Akaketi. "Alifariki Ijumaa iliyofuata, alfajiri. Tulikaa siku sita."

Nikasema maneno yanayosemwa, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, naye akaitikia. Mzee Maganga kwenye meza ya pili naye akaitikia. Nilitaka kunyamaza hapo. Nilishindwa.

"Zingekuwa nane," nikasema.

"Zingekuwa nane," akasema Mzee Masudi.

Hakuniambia kwamba ni kudra, ingawa ni mtu wa dini na angeweza kusema. Akanieleza jinsi ilivyokuwa. Alhamisi ile Zuhura alikuwa na nguvu. Aliwaambia wanawe wamvalishe, wakamkalisha sebuleni anaangalia mlango. Walirudi kutoka uwanjani bila mtu. Akasema atakuja, akakataa kurudishwa kitandani hadi adhuhuri. Ijumaa akashindwa kukaa. Jumamosi Mzee Masudi alipofika, sauti ya dada yake ilikuwa imekuwa ndogo, ikabidi aweke sikio karibu. Waliongea hivyo siku sita. Zuhura alimwuliza habari za watu wa Gongoni mmojammoja, na wengi walikuwa wameshakufa, kwa hiyo ilichukua muda. Matobolwa hakuweza kuyatafuna. Alilishika moja mkononi.

"Mlango aliuangalia peke yake," akasema. "Hilo ndilo ninaloliona."

Nilisema, "Nisamehe, mzee." Ilikuwa mara ya pili kukiri kosa langu mbele yake, na safari hii sikuwa na tiketi ya kumpa.

Alitazama mikono yake. Kisha akaingiza mkono ndani ya kanzu akatoa pasipoti, mpya, akaiweka mezani kwangu. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanawe mkubwa, Juma, anayefundisha shule huko Nzega.

"Arobaini ya shangazi yake inakaribia," akasema. "Mimi siwezi tena safari ile. Anakwenda yeye. Mkatie."

Sikuigusa. "Mzee, kuna ofisi nyingine pale karibu na stendi. Sitaona vibaya."

"Nimetoka huko."

"Hawana nafasi?"

"Wanayo. Bwana wa pale ana adabu, na kompyuta yake ni mpya kuliko hii yako. Nikamwuliza, umeshawahi kumkosesha mtu ndege? Akasema hajawahi hata mara moja." Akasogeza pasipoti upande wangu kwa kidole kimoja. "Nikachukua pasipoti nikaja kwako."

Nikakata. Nilikosea kuandika herufi za Juma mara mbili, nikafuta. Nikaandika karatasi, siku kwa siku, usiku wa kuamkia lini, saa ngapi kwa maneno, awe wapi akishaswali nini. Nilipomaliza nikamsukumia aisome. Hakuichukua.

"Soma wewe," akasema. "Nisikie."

Wale watatu wa kwenye benchi wakageuka kutusikiliza. Nikasoma kwa sauti, taratibu, kutoka Tabora hadi Maskati, na kila nilipotaja siku nilisimama mpaka Mzee Masudi akatikisa kichwa, ndipo nikaendelea.